Hosteli Kasulu na Kibondo: Moto ukiwaka, nani anajua nani yuko ndani?

Mwekezaji mdogo anayejenga hosteli ya wanafunzi hupiga hesabu ya saruji, mabati, vitanda na magodoro. Mwangalifu zaidi huongeza miezi ya likizo ambayo vyumba hukaa vitupu. Lakini iko hesabu moja ambayo wengi huisahau. Usiku wa manane moto ukiwaka, au radi ikipiga jengo, ni nani atakayejua katika dakika kumi za mwanzo kwamba ndani mna watu wangapi, wamelala vyumba gani, na aliye nje atawafikiaje?

Ukurasa huu huzoea kuwapa wasomaji habari za mahindi, maharage na nauli za malori. Wiki hii tunaigusa biashara ambayo haipimwi kwa gunia, lakini inaweza kumfilisi mtu kwa usiku mmoja na, zaidi ya hayo, kuondoa roho za watoto wa watu. Tunazungumzia matumizi ya teknolojia ya habari katika kukabili dharura vyuoni.

Kwa nini Kasulu na Kibondo? Kwa sababu soko la malazi ya wanafunzi nyanda za juu za Kigoma linazidi kukua. Kasulu ina chuo chake cha ualimu, na Kabanga ina chake. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Kasulu na Kibondo. Aidha, kupitia mradi wa serikali wa elimu ya juu uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2021, Kigoma ilipangiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Penye chuo pana wapangaji, na penye wapangaji mabweni ya chuo hayatoshi. Hapo ndipo mwenye kiwanja huingia.

SOMO LIKO JIRANI

Watu wa Kasulu na Kibondo hawana haja ya kusafiri mbali kujifunza namna ya kusimamia watu wengi katika dharura. Wameliona jambo hilo kwa macho yao tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi na maelfu ya Warundi wakavuka mpaka. Mwaka 1996 walifuata Wakongomani kutoka Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu.

Siku zile za mwanzo kazi ilifanyika kwa karatasi. Watu walihesabiwa kwa vichwa, majina yakaandikwa daftarini, kadi za chakula zikatobolewa kila siku ya mgao. Ofisi na magari yaliwasiliana kwa redio za upepo. Udhaifu wake ulijulikana. Mwingine aliandikwa mara mbili, mwingine hakuandikwa kabisa, na mtoto aliyepotezana na wazazi njiani alitafutwa kwa kuuliza hema kwa hema. Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilisaidia kufikisha matangazo kwa wakimbizi na wenyeji kwa pamoja.

Kuanzia miaka ya 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliingiza kompyuta katika uandikishaji. Kila kaya ikawa na namba, picha na maelezo ya mahitaji maalumu: huyu ni mjamzito, huyu ni mlemavu, huyu ni mtoto asiye na mlezi. Baadaye shirika likaongeza alama za vidole na picha za mboni za macho, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi mwaka 2013.

Mfumo huo ulipata mtihani mkubwa mwaka 2015. Warundi walikusanyika kwa makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikalipuka na kuua watu wapatao 30. Meli ya MV Liemba ilitumika kuwahamishia Kigoma mjini, wakapokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Kambi ilipofurika, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016. Katika kila kituo swali lilikuwa lile lile: nani amepanda, nani ameshuka, nani ni mgonjwa, nani amebaki?

Mfanyabiashara wa nafaka wa Kasulu anaijua thamani ya jibu hilo. Idadi iliyomo kwenye rejista ndiyo inayoamua malori mangapi ya unga na maharage yaitwe. Idadi ikipanda, soko linachangamka. Warejeao makwao wakiongezeka, linapoa. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kwa majaribio kuwapa fedha wakimbizi 10,000 wa Nyarugusu ili wajinunulie chakula, wenye maduka waliona jinsi orodha iliyo sahihi inavyogeuka kuwa wateja. Mpango huo ulipositishwa mwaka 2017, waliona pia jinsi wateja hao wanavyoondoka.

Sasa, bweni au hosteli ni kambi ndogo. Watu ni wengi, mahali ni pamoja, wengi wao ni wageni wa mji, na usiku wanategemea mlango mmoja au miwili. Yaliyofanyika kambini kwa maelfu yanawezekana hostelini kwa watu 60.

MAMBO MANNE YA KUJUA

Ukiondoa majina makubwa ya kitaalamu, teknolojia ya habari wakati wa dharura inatakiwa ijibu maswali manne tu. Kwanza, nani yupo? Pili, nini kimetokea na wapi? Tatu, nani aambiwe, na kwa njia ipi? Nne, nani anakuja kusaidia, na nani anamlipa? Mfumo usiojibu maswali haya ni pambo, hata ukiwa na kompyuta ya bei gani.

Tuanze na la kwanza. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku hiyo mamlaka zilikuwa zikitangaza kidogo kidogo idadi ya wanafunzi waliokwisha kujulikana walipo, kati ya 815. Wazazi walikusanyika Nairobi, wengine kwenye Uwanja wa Nyayo kuwasubiri waliookoka, wengine kwenye chumba cha maiti cha Chiromo kutambua waliokufa. Orodha ya udahili peke yake haisaidii saa kama hiyo. Inayotakiwa ni ile inayoonyesha nani alilala chuoni usiku ule.

La pili na la tatu yanakwenda pamoja. Siku kumi baada ya Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni shambulio. Walikimbia, wengine wakaruka kutoka ghorofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Hapakuwa na adui. Kilichoua ni taarifa iliyokosekana. Laiti sauti inayoaminika ingesikika mapema ikisema ni umeme, tulieni, huenda hali ingekuwa nyingine.

Kuchelewa nako ni hasara. Tarehe 16 Aprili 2007 katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya tahadhari ilitumwa saa 3:26, zaidi ya saa mbili baadaye. Dakika chache tu baada ya hapo muuaji alianza kushambulia madarasa, na jumla ya waliouawa ikafika 32. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ilirekebishwa, na vyuo vikatakiwa kuwatahadharisha wanafunzi mara dharura inapothibitishwa.

Hata hivyo, haraka bila maandalizi nayo ina gharama yake. Novemba 30, 2015 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la kujihami lililoigiza uvamizi. Watu wengi waliamini ni kweli, wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Fundisho ni kwamba zoezi hutangazwa, na ujumbe wa zoezi huanza kwa neno ZOEZI.

HATARI ZA NYANDA ZA JUU

Hapa kwetu hatari zilizo karibu zaidi ni moto na radi. Juni 1994 bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Agosti 2009 wanafunzi 12 walikufa kwa moto Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 waliungua bwenini Kyerwa, mkoani Kagera. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda wilayani Bukombe, Geita, wilaya iliyo jirani na upande wetu wa Kakonko.

Mvua za ukanda huu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, yaani sehemu kubwa ya mwaka wa masomo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari. Swali ni kama tahadhari hiyo inamfikia mlinzi wa hosteli na mwanafunzi aliye uwanjani, au inaishia kwenye simu ya mkuu wa chuo.

Habari njema ni kwamba miundombinu imebadilika. Kwa miaka mingi miji hii iliishi kwa jenereta za dizeli. Mwaka 2022 ukanda huu ulianza kupata umeme wa Gridi ya Taifa. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika Kigoma. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lililoanza Mei 2019. Karibu kila mwanafunzi wa chuo ana simu. Kilichopungua ni mpango.

VIFAA GANI VINAFAA?

Mfanyabiashara akishaona tatizo hutaka kujua anunue nini. Tunashauri aanze na vya chini kabisa.

King'ora au kengele kwanza. Kipande cha reli au rimu ya gari iliyoning'inizwa, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, haihitaji chaji wala mtandao. Kosa lake ni kwamba haielezi kilichotokea. Kwa hiyo patana na wapangaji: mlio wa mfululizo maana yake ni tokeni nje, hesabiwe mahali fulani.

Pili ni ujumbe mfupi wa simu kwa wengi. Kampuni za huduma hii hukupa jina la mtumaji na ukurasa wa kuandikia. Unapakia namba za wapangaji, unabonyeza mara moja, wote wanapata. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 tu, kwa hiyo andika maneno yako mapema: nini, wapi, fanyeni nini. Katika dharura kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja na laini za sauti hujaa. Ujumbe mfupi huhitaji nafasi ndogo na una uwezekano mkubwa zaidi wa kupenya, ingawa unaweza kukaa kwenye foleni. Ndiyo sababu hautoshi peke yake.

Je, gharama ikoje? Tukadirie shilingi 30 kwa ujumbe. Chuo chenye wanafunzi 800 kikituma tahadhari na kisha taarifa ya kumaliza, ni ujumbe 1,600, sawa na shilingi 48,000. Hosteli ya watu 60 ni shilingi 3,600. Hakuna mwekezaji anayeshindwa na fedha hiyo. Kinachowashinda wengi ni kuiweka orodha ya namba ikiwa sahihi kila muhula, maana wanafunzi hubadili laini na vyumba.

Tatu ni rejista. Daftari la kuingia na kutoka linaweza kuhamishiwa kwenye simu ya mlinzi au kompyuta ndogo, lakini nakala moja ya karatasi ikae langoni, nje ya jengo. Rejista iliyo ndani ya ofisi inayoungua ni majivu. Rejista iliyo kwenye kompyuta isiyo na umeme haina tofauti kubwa.

Nne ni nishati. Mnara wa simu ukikatika, au umeme ukizimika kwa mvua, mfumo wote unakwama. Shule za mtandao zilizowekwa Nyarugusu na Vodafone Foundation pamoja na shirika la wakimbizi ziliundwa kwa kuzingatia hilo: vishikwambi, masomo yaliyohifadhiwa hapo hapo, na betri zinazochajiwa kwa jua. Mwenye duka la sola mjini Kasulu ana soko hapa. Taa za dharura za njia ya kutokea, betri ya king'ora na chaji ya simu ya mlinzi ni bidhaa za kawaida kwake.

NANI ANAKUJA, NANI ANALIPA?

Swali la nne ndilo linalowagusa wenye magari. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi ni 112. Ziandikwe mlangoni kwa rangi, maana mgeni wa mji hazijui. Lakini gari la zimamoto au la wagonjwa linaweza kuwa mbali. Nani atambeba majeruhi?

Tanzania imekwisha kupata jibu moja zuri katika huduma ya wajawazito. Mpango wa m-mama ulianza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, mwaka 2013, na mwaka 2022 ulizinduliwa kuenezwa nchi nzima. Mama au mhudumu hupiga 115 bila malipo. Mpokea simu hutumia mfumo wa kompyuta kuona gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humwita dereva wa kawaida aliyeandikishwa kabla, na dereva hulipwa kwa M-Pesa safari inapothibitishwa.

Angalia ujanja uliomo. Dereva haulizi nani atanilipa, kwa hiyo haondoki na haviziani na ndugu wa mgonjwa juu ya nauli usiku. Chuo cha Kasulu au umoja wa wenye hosteli Kibondo unaweza kuiga kwa udogo wake: madereva watano walioandikishwa, bei ya safari hadi hospitali iliyokubaliwa, na mfuko mdogo wa simu wa kulipia. Kwa dereva ni kazi ya ziada yenye malipo ya uhakika. Kwa mwanafunzi ni nusu saa iliyookolewa.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mwenye hosteli asijifungie; mpango wake ujulikane kwenye kamati ya eneo lake, kwa sababu majirani ndio hufika mwanzo.

Hali kadhalika ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya majina, namba za simu, picha au alama za vidole za watu anawajibika kujisajili kwa Tume, kuzilinda taarifa hizo na kuzitumia kwa kazi aliyowaambia tu. Orodha ya wasichana wa hosteli na namba zao si mali ya kuuziwa wapiga promosheni, wala si ya kuachwa mezani. Kambini nako hilo lilikuwa suala zito: taarifa za mtu aliyekimbia vita zikianguka mikononi mwa aliyemkimbiza, rejista inageuka kuwa hatari. Kwa hosteli, usikusanye alama za vidole kama jina, chumba, namba ya simu na namba ya mzazi vinatosha. Na kwa kawaida vinatosha.

TATHMINI YETU

Wauzaji wa programu za kompyuta watakuja Kasulu na Kibondo, wengine wazuri, wengine wa kubahatisha. Kabla ya kulipa, mwekezaji amuulize muuzaji mambo matatu: mtandao ukikatika kitafanya kazi kwa namna gani? Nani ataandika upya orodha kila muhula? Na tufanye zoezi lini, mbele yangu? Anayekwepa swali la kwanza hajawahi kufika huku wakati wa mvua za Machi.

Aidha, hakuna kompyuta inayofungua mlango uliofungwa kwa kufuli, wala kuondoa nondo za dirishani. Fedha ya kwanza iende kwenye mlango wa pili, kizima moto na kinga ya radi. Fedha ya pili iende kwenye king'ora, orodha na ujumbe wa simu. Mfumo mkubwa ungoje.

Faida ya biashara ipo pia. Mzazi wa Kakonko au Buhigwe anayempeleka binti yake kupanga Kasulu haulizi bei tu. Hosteli itakayoweza kumwonyesha rejista langoni, mlango wa pili ulio wazi, na ujumbe wa majaribio unaoingia kwenye simu yake hapo hapo, itajaza vyumba kabla ya jirani. Ni tangazo lisilohitaji rangi wala redio.

Lakini tusimalizie kwa faida. Mwaka 2015 waliopokea mabasi Nyarugusu waliita majina mmoja mmoja, na kila aliyeitika alikuwa mtu aliyefika salama. Mwenye hosteli anapaswa kuweza kufanya vivyo hivyo uani kwake, usiku, kwa tochi: asome majina 60 na asikie watu 60 wakiitika. Akishindwa kufanya hivyo leo, katika zoezi, bado ana muda wa kurekebisha.